Vizazi Saba vya Lavelle

Louisville, Jumapili, 30 Agosti 2015

Daftari hili nilipewa ghalani siku ya mafunzo ya usalama, pamoja na kalamu na kofia ya plastiki. Kofia inanibana, kwa hiyo nimeanza na kalamu. Nitaandika mpaka harusi ipite, maana nimeshaona jinsi watu wanavyosimulia mambo ya mwenzao vibaya yeye mwenyewe akiwa bado hai.

Harusi yenyewe ni hii. Irakoze ameleta mchumba nyumbani leo baada ya misa. Irakoze ni binti wa Leonardi, ambaye alihamia Columbus miaka mitatu iliyopita kufuata kazi, akatuachia binti amalize shule hapa. Ananiita baba mkubwa. Mimi na Leonardi hatukuzaliwa tumbo moja. Tuliunganishwa na foleni ya mahindi katika kambi ya Mtabila, Tanzania, na undugu wa foleni ile haujakatika mpaka leo.

Mchumba anaitwa Lavelle. Ni Mmarekani mweusi, mtoto wa hapa hapa Louisville, mpishi katika nyumba ya wazee ambako Irakoze anafua mashuka. Mke wangu Cibalonza alimwekea ugali wa moto. Kijana akauvamia kwa mkono kama alivyotuona sisi, akaungua, akameza bila kulia. Cibalonza akanitupia jicho la kusema huyu amefaulu. Yeye ni Mshi wa Bukavu, Kongo, na hapendi watu ovyo.

Kijana akasema kwa Kiingereza cha polepole, nisipotee: "Irakoze haolewi bila baraka ya baba yake. Na ameniambia njia ya kwenda kwa baba yake inapita kwako."

Ni kweli. Kutoka hapa mpaka Buffalo, Warundi wakiposa, msemaji ni mimi. Siku ya kushika irembo, yaani siku ya kuomba lango la nyumba ya binti, upande wa kijana hausimami wenyewe kuomba. Wanamweka mtu mwenye mdomo. Anataja ukoo wa kijana, anamsifu, anatania, anajifanya kapotelewa na ng'ombe ameona kwato zake zimeingia kwenye boma hili. Nimesema harusi arobaini na kitu. Hakuna niliyotoka mikono mitupu.

31 Agosti

Nimempigia Leonardi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Wa nani?"

Nikamwambia wa bibi yake, mama mmoja mzee wa upande wa magharibi ya mji, mtu wa kanisa.

"Sikuuliza nani alimlea. Wa nani?"

3 Septemba

Kazi. Joto. Mkanda wa vifurushi ulikwama mara mbili.

6 Septemba

Irakoze ameniuliza mbele ya sinki, mikono ikiwa na povu: "Baba atakubali?" Nikamwambia baba yako ni kama mlango wa zamani, haufunguki mpaka usukumwe na wengi. Hakucheka. Kisha akasema, "I can't do it without him, Baba mkubwa. Mama amekufa. Nikifanya bila yeye, nitakuwa mtoto wa nani?"

Huyu binti hapendi maneno mengi. Nimeyaandika yote kama alivyoyasema.

12 Septemba, Buffalo

Nimekuja kwa basi, mwendo wa saa kumi na moja njiani, kumwona Mzee Ngarambe. Ndiye mkubwa kuliko wote upande wa mama yake Irakoze, na Leonardi amesema bila neno la Ngarambe hakai hata kwenye kiti. Mzee ana miaka themanini na minne. Septemba hii amekaa karibu na kipasha joto, amejifunga kanga ya marehemu mkewe mabegani.

Nikatoa maneno yangu mazuri. Akaniacha nimalize yote.

"Atutajie vizazi saba," akasema.

"Mzee, hawa watu walichukuliwa. Waliuzwa wakapakiwa melini. Watavitoa wapi vizazi saba?"

"Sisi hatukukimbia? Hatukuuawa? Mwaka wa sabini na mbili nilivuka kutoka Burundi na watoto wawili na chungu. Lakini nikikuamsha sasa hivi usingizini, nitakutajia. Ukoo haukai ndani ya nyumba, Reginaldi. Unakaa mdomoni. Kama waliusahau, waliusahau wenyewe. Mwacha asili ni mtumwa."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Na nilifanya nini? Nikacheka, nikaitikia, nikamwomba Mungu amzidishie maisha. Huo ndio ulimi wangu, unajua kuinama kabla yangu.

13 Septemba, ndani ya basi

Niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Kule Mtabila vijana walikuwa wanakuja kwangu jioni wakiwa wamevua kofia. Ni watoto wa mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Walivuka mpaka migongoni mwa watu, wengine hawajui hata aliyewabeba alikuwa nani. Sasa wamekua, wanataka kuoa, na wazee wa kambi wanawauliza: wewe ni mwana wa nani? Kijana anabaki anaangalia miguu yake. Mimi nilivuka nikiwa na miaka kumi na miwili, najua milima, najua majina, nilikuwa katekista. Basi nilikuwa nawatafutia mababu. Huyu nampa babu mfugaji, huyu babu mfua vyuma. Sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni kumvalisha mtu shati kabla hajaingia kanisani.

Leonardi mwenyewe nilimpa Rugendo. Mwaka wa tisini na nne, akimtaka mama yake Irakoze. Nilimtunga Rugendo njiani, kati ya bomba la maji na nyumba ya mkwe: mwenye ng'ombe sitini, aliyekataa kumpigia chifu magoti. Wazee wakapiga makofi. Mpaka leo Leonardi akinywa humtaja Rugendo, na ameshamwongezea mkuki.

Basi na Lavelle nitamvalisha. Kwa nini nisimvalishe?

20 Septemba

Lavelle kaja kula. Nikamwambia siku ya irembo aniachie maneno yote. Akasema, "Sawa, lakini nenda ukaongee na bibi yangu. Ndiye anayejua mambo ya familia."

Nikamwambia kwetu msemaji hawahoji akina mama wa nyumba. Anahoji wanaume. Na kwao wanaume hakuna, babu alikufa, baba aliondoka. Nitasalimiana na bibi siku yenyewe.

Cibalonza alikuwa anasikiliza huku anachambua lengalenga. Kijana alipotoka akasema: "Donc, weye unamutafutia mutu babu kama unamutafutia kiatu? Nenda umuulize yule mama. Kuuliza si ujinga."

Nikamwambia aendelee na mboga zake.

27 Septemba

Babu wa Lavelle sasa ana jina. Ni Ntahondi, wa ukoo wa Abahanza wa kwetu Burundi. Aliibwa na misafara kando ya Ziwa Tanganyika, akatembezwa Kongo nzima mpaka bahari ile nyingine, akauzwa kwa Wazungu, akashushwa Amerika. Lakini hakulia. Nimempenda kidogo, na mimi si mtu wa kupenda watu niliowatunga.

4 Oktoba

Mvua. Majani ya mti wa jirani yote kwenye gari langu.

10 Oktoba

Bi Vernell, bibi wa Lavelle, ametuma keki ya viazi vitamu kupitia Irakoze. Cibalonza amekula nusu yake peke yake, amesimama.

Columbus, Jumamosi, 17 Oktoba, na Jumapili

Nitaandika polepole. Mkono hautaki.

Tulifika Whitehall, pembezoni mwa Columbus, saa nane mchana, magari matatu. Leonardi anakaa kwenye zile nyumba za ghorofa mbili zinazofanana, maegesho mbele, maegesho nyuma. Sebuleni waliondoa kochi wakaweka viti vya kanisa, safu mbili zinatazamana. Upande mmoja Leonardi na watu wake, na katikati yao Mzee Ngarambe, aliyeletwa kutoka Buffalo na wajukuu. Upande wetu Lavelle na suti ya kijivu, mama yake Renita, wazee wawili wa kanisa lao anaowaita wajomba, mimi, na Bi Vernell.

Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Miaka sabini na minane, mwembamba, kofia ya rangi ya zabibu kichwani, mkoba magotini ameushika kwa mikono miwili. Nilimsalimia kwa heshima zote. Akanijibu, akanitazama kidogo kuliko nilivyozoea kutazamwa. Nikasema moyoni, bibi huyu ana maringo.

Irakoze alikuwa chumbani na wasichana, kama mila inavyotaka. Bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Mlango wa chumba uko pale pale sebuleni, hatua nne kutoka kwa kiti cha Lavelle.

Nilianza vizuri. Sitadanganya, nilikuwa katika siku yangu. Nikapotelewa na ng'ombe, nikafuata kwato kwenye barabara kuu, nikasimamishwa na polisi wa Ohio nikamwambia natafuta ng'ombe mwenye shanga. Watu walicheka. Hata Leonardi alicheka. Nilikuwa nasema kwa Kirundi, kisha nageuka nawafasiria wageni kwa Kiingereza changu cha ghalani, nao wakacheka pia.

Ngarambe akainua fimbo. "Tumesikia ng'ombe. Sasa tusikie mwenye boma. Huyu kijana ni mwana wa nani?"

Nikavuta pumzi. Nikawapa Ntahondi. Nikawapa ziwa, msafara, minyororo, bahari. Nikawapa mwanawe, na mwana wa mwanawe, wote na majina yetu waliyoyaficha wasiyasikie mabwana, mpaka nikamfikisha Lavelle, kizazi cha saba. "Hakuja kuomba lango la wageni," nikasema. "Amerudi nyumbani!"

Wakapiga makofi. Ngarambe alikuwa analia. Mzee yule, analia, anasema, "Abahanza! Abahanza!" Leonardi alishika kichwa kwa furaha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa kuliko siku zote za maisha yangu.

Kisha nikageuka kwa wageni, nikawaambia hayo hayo kwa Kiingereza. Sikupunguza hata neno.

Lavelle alikuwa amekunja uso kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Bi Vernell akainua kidole kimoja, kama shuleni.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni babu yenu, mama."

"Nani kasema?"

Nilisema harusi arobaini na kitu na sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikatabasamu. Nikasema, "Mama, huu ni wimbo wa furaha."

Akasimama. Hakupaza sauti. Alisema: "Watu wamekuwa wakitupa majina tangu tuliposhushwa. Kila aliyetaka kututumia alitupa jina. Nimefanya kazi miaka thelathini kuwatafuta watu wangu, wana majina yao, na wewe hukuniuliza. Umekaa na mjukuu wangu mezani kwako majuma saba, hukuniuliza."

Ngarambe akauliza anasema nini. Wajukuu wake wanajua Kiingereza. Wakamwambia.

Mzee akajipangusa machozi, polepole, na mkono ule ule ukashika fimbo. "Kumbe mmetuletea mtu asiye na mizizi," akasema, "na uongo juu yake."

Na Leonardi? Leonardi hakuniangalia. Alianza kumuuliza kijana mwenyewe, kwa Kiingereza kilichovunjika, mbele ya wote: Unajua nini? Baba yako yuko wapi? Babu yako alizikwa wapi? Kwenu kuna ugonjwa? Kuna aliyefungwa? Simama, tukuone. Na Lavelle akasimama. Alijibu maswali matatu. La nne hakujibu, aliangalia mlango wa chumba.

Sote tuliangalia mlango ule. Haukufunguka.

Bi Vernell akamshika mjukuu mkono. Wakatoka wote, wakapanda magari. Sufuria za pilau zilikuwa bado zimefunikwa.

19 Oktoba

Irakoze hajatoka chumbani kwake. Cibalonza anampelekea chai na anairudisha.

22 Oktoba

Kazi. Hakuna aliyeniita msemaji leo, na kila siku huniita hivyo. Habari hutembea haraka kuliko mkanda.

25 Oktoba

Leonardi kapiga simu. Kwanza alitaka kunigombeza, na alikuwa na haki. Alisema nimemwaibisha mbele ya Ngarambe, nimeleta babu wa kutunga nyumbani kwake.

Hapo nikashindwa kujizuia. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata mwenye nyumba. Nikamwambia: "Babu wa kutunga? Leonardi, na Rugendo je? Rugendo nilimtunga mimi! Kati ya bomba na nyumba ya mkweo! Umeoa kwa babu yangu wa kutunga, na leo unamfukuza mtoto wa watu kwa kosa lile lile!"

Nilisikia friji yake ikinguruma.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nimekaa pale nakusikiliza, nikajua. Ningeweza kuwa na babu kama huyo na nisikumbuke hata harufu ya ng'ombe mmoja? Lakini wazee walipiga makofi. Nikaoa. Miaka ishirini na moja, Reginaldi, naapa kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nikisali kwa wafu wangu, namtaja. Sina mwingine. Nilitaka binti yangu aolewe na mtu ambaye watoto wake watamtaja wa kweli. Basi. Hilo tu ndilo nililotaka."

Nimemjua Leonardi kwa miaka ishirini na miwili. Nilidhani ni mkaidi. Nilidhani anapenda ukubwa. Aibu niliyonayo siwezi kuiandika vizuri.

Jumapili, 1 Novemba, Watakatifu Wote

Nimekwenda kwa Bi Vernell na Cibalonza. Cibalonza ndiye aliyesema lazima. "Bon, huyu mama haiko anakasirika juu ya uongo," aliniambia garini. "Iko anakasirika juu hukumuuliza. Ukifika, funga kinywa, halafu ufungue masikio."

Alitukaribisha ndani. Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, goti langu litachafua zulia. Nikaomba msamaha kwa maneno kumi na mawili, niliyahesabu garini yasizidi.

Akaleta faili. Alikuwa mpishi wa shule miaka yote, na kila likizo alikwenda mahakamani na kwenye nyaraka za kaunti, chumba cha chini kisicho na dirisha, akifungua madaftari ya watu waliokufa. Alinionyesha karatasi moja. Bwana mmoja wa shamba alikufa mwaka 1846, wakaandika mali zake. Ng'ombe dume wawili. Msichana, Dicey, yapata miaka tisa. Kitanda cha kufumia. Jina lake liko hapo katikati. Mbele ya kila kitu wameweka bei.

"Mama yake Dicey yuko kwenye ukurasa wa nyuma," akasema. "Alishaondoka. Alipelekwa kusini kwa mto huu huu, Ohio, na hakuna aliyeandika aliishia wapi. Kwa hiyo naanza na Dicey."

Kisha akataja. Hakutazama karatasi. Dicey akamzaa Wiley. Wiley akamzaa Hester. Hester akamzaa Roscoe. Roscoe akanizaa mimi, Vernell. Mimi nikamzaa Renita. Renita akamzaa Lavelle.

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Saba.

Cibalonza haelewi Kiingereza, lakini alianza kulia Bi Vernell alipofika kwa Hester. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria tu kwamba vilikuwepo. Tangu Agosti vilikuwepo, dakika ishirini kutoka kwangu kwa gari, mdomoni mwa mtu aliyenitumia keki.

2 Novemba

Nimemsomea Leonardi majina yote saba kwa simu. Aliniomba nirudie. Kisha akaniomba nirudie polepole, alikuwa anaandika.

Nimempigia na Ngarambe. Amesema wanawake hawahesabiwi, na ukoo unaoanza na mtoto aliyeandikwa baada ya ng'ombe si ukoo. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mzee simu.

8 Novemba

Leonardi amekubali! Amesema Ngarambe aendelee na kipasha joto chake. "Majina yao ni ya kweli kuliko yangu. Ninakuja mwenyewe kumwambia huyo mama."

Nilibisha mlango wa Irakoze kumwambia. Alifungua. Alipauka kwanza, kisha akakaa kitandani. "Okay," akasema. "Okay." Hakufurahi kama nilivyotaka.

Jumamosi, 14 Novemba

Leonardi aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu kutoka Columbus, koti la harusi yake mwenyewe mwilini. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Irakoze. Bi Vernell alitupokea kibarazani. Baridi ilikuwa kali kidogo. Lavelle akatoka, akasimama nyuma ya kiti cha bibi yake.

Leonardi alisema aliyoyabeba, kwa Kiingereza chake, bila mimi. Kwamba anamkubali kijana. Kwamba amekosa. Kwamba hajui baba yake alizikwa wapi, na aliuliza alivyouliza kwa sababu hiyo. Akaomba siku nyingine ipangwe, waje tena Columbus, na safari hii Bi Vernell mwenyewe asimame ataje majina.

Bi Vernell alimsikiliza kwa makini, na nadhani alimhurumia. Akasema, "Bwana Leonardi, nakushukuru kuja. Pole kwa baba yako. Lakini watu wangu walishasimamishwa mbele ya watu wakaulizwa umri, na magonjwa, na wametoka kwa nani, ili ionekane kama wanafaa. Mjukuu wangu amesimama pale mara moja kwa sababu alipenda. Hatasimama mara ya pili."

"Hatutamuuliza kitu," Leonardi akasema. "Kitu chochote."

"Najua. Lakini mtakuwa mmekubali. Na mimi sitaki akubaliwe."

Leonardi akanigeukia, kama kawaida ya watu wetu jambo linapokwama, ili msemaji aseme. Sikuwa na neno. Arobaini na kitu, na sikuwa na hata moja.

Irakoze ndiye aliyesema. Alimwambia Lavelle, "Twende tukaoane kwa hakimu Jumatatu. Sasa ninayo baraka. Wewe na mimi tu."

Lavelle alipojibu alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuambia hivyo Septemba, ukasema bila baba huwezi. Nikasema sawa, nitakwenda. Nikaenda. Nilisimama pale wakiniuliza, na wewe ulikuwa nyuma ya mlango. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Hatua nne, Irakoze."

"Nilikuwa nimeshika kitasa," akasema. "Naapa nilikuwa nimekishika. Waliniambia nikitoka kabla sijaitwa ninaharibu kila kitu."

"Nilikuwa nakungoja," Lavelle akasema. "Siwezi kuacha kukungoja pale. Kila siku niko pale nakungoja na hutoki."

Akamvua pete ya uchumba? Hapana. Irakoze mwenyewe aliivua akaiweka kwenye ukingo wa kibaraza, na hakuna aliyeigusa mpaka tulipoondoka. Leonardi aliendesha kurudi Columbus bila kuingia kwetu hata kwa maji.

20 Novemba

Lavelle ameacha kazi kwenye nyumba ya wazee. Irakoze anasema chakula sasa hakina chumvi.

26 Novemba

Sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru. Bata mzinga niliyegawiwa ghalani. Cibalonza alimpika kama kuku wa kwao, na hakuna aliyemla.

29 Novemba

Mtu wa Indianapolis kanipigia, mwanawe anaposa mwezi wa pili, wanataka msemaji. Nikamwambia nina kidonda cha koo. Akauliza nitapona lini.

6 Desemba

Joto la ajabu kwa Desemba. Habari za Bujumbura mbaya. Irakoze amepata kazi Buffalo, kiwanda cha mtindi, na chumba kwa dada mmoja wa kanisani aitwaye Kanyana. Nilimuuliza kwa nini mbali hivyo. "Huko hakuna mtu atakayeniuliza," akasema. Sikumkumbusha kuwa Ngarambe yuko huko huko.

13 Desemba

Nimepita mbele ya nyumba ya Bi Vernell. Sikusimama. Lavelle alikuwa juu ya ngazi, anasafisha majani kwenye mfereji wa bati. Ameniona. Aliinua mkono, kidogo tu, akaendelea na kazi. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Buffalo, Jumamosi, 19 Desemba

Nimemleta Irakoze mimi mwenyewe, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma. Theluji ya kwanza ya mwaka ilianguka jana. Hakuzungumza mpaka Cleveland, na baada ya Cleveland alilala, au alifumba macho.

Ngarambe alikuwa amesikia tunakuja. Alinipigia tukiwa njiani: kuna mwanamume mgane wa ukoo mzuri hapa hapa Buffalo, mtu wa vizazi saba na zaidi, tukimaliza kushusha mizigo tupite kumsalimu. Simu ilikuwa wazi, Irakoze alisikia. Nikamwambia mzee barabara ni mbaya.

Tumepandisha masanduku ghorofa ya pili. Chumba ni kidogo, safi, kitanda karibu na dirisha, na dirisha linaangalia ukuta. Kanyana alituachia chai, akatuacha peke yetu. Nikaona mtoto hawezi kuanza maisha bila neno. Hata baba yake hakuja. Nikavua kofia, nikasimama katikati ya chumba, nikaanza kama tunavyoanza: "Binti yetu Irakoze, mwana wa Leonardi, mwana wa..."

Akaniwekea kiganja mdomoni. Kilikuwa cha baridi, na alikibana, hakukiweka tu.

"Baba mkubwa," akasema. "Siku nikizaa, usije kusema."

Alingoja mpaka nilipoitikia kwa kichwa, ndipo akakitoa. Akanimiminia chai. Tukanywa.